Chuo kikuu kitafidiaje moshi wake kwa miti ya Merigi?

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu aghalabu hutajwa dukani na katika vyama vya ushirika, lakini siku hizi unafaa kutajwa pia katika vyuo vikuu vinavyojitangaza kuwa walinzi wa mazingira kwa sababu vimepanda miti. Chuo kisichojua kimetoa gesi kiasi gani hakiwezi kujua kinadaiwa miti mingapi.

Suala hili linawagusa wakazi wa Merigi, katika eneobunge la Bomet Mashariki, kuliko wengi wao wanavyodhani. Katika kaunti yao ya Bomet kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 2017 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Katika kaunti jirani ya Kericho kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2013 na ambacho kina mashamba yake ya chai. Vyuo vinahitaji mahali pa kupanda miti, ilhali wenye ardhi na wenye mikono ya kuitunza miti hiyo ni wakulima wadogo wa chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Makala haya hayakusudii kukagua chuo chochote. Yanaeleza jinsi hesabu ya gesi zinazoongeza joto duniani hufanywa katika taasisi ya elimu, jinsi deni lake hufidiwa, na mambo ambayo mkulima anapaswa kuyauliza kabla ya kutia sahihi.

Kwa nini kujisumbua?

Yamkini msomaji atauliza: Kenya hutoa chini ya asilimia moja ya gesi zote zinazotolewa duniani, kwa nini basi chuo cha mashambani kijihesabie moshi wa jikoni? Swali hilo ni la haki. Mataifa tajiri ndiyo yaliyochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne mbili, na mzigo mkubwa ni wao.

Hata hivyo, ziko sababu tatu za kufungua daftari. Kwanza, kila tani ya gesi inayotoka chuoni ilinunuliwa kwa fedha: ni dizeli, ni kuni, ni umeme. Anayepima gesi hugundua pia mahali fedha zinapovujia. Pili, chuo ndicho kinachowafunza wahandisi, walimu na maafisa wa misitu wa kesho. Mwanafunzi aliyewahi kupima gesi za bewa lake ataweza kupima za kiwanda cha chai. Tatu, chai yenyewe ni zao linalotegemea mvua ya mara kwa mara na halijoto ya wastani. Ukame, baridi kali na mvua ya mawe huathiri moja kwa moja bonasi ya mkulima. Watu wa nyanda hizi wana kila sababu ya kulielewa jambo hili kwa tarakimu wala si kwa kaulimbiu.

Mafungu matatu ya hesabu

Mwongozo unaofuatwa na taasisi nyingi duniani ulitolewa mwaka 2001 na mashirika ya World Resources Institute na World Business Council for Sustainable Development. Mwongozo huo huzigawa gesi za taasisi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni gesi zinazotoka katika vitu ambavyo taasisi yenyewe inavimiliki au kuviendesha. Hapa huingia dizeli ya jenereta, mafuta ya mabasi ya chuo, gesi ya kupikia na kuni za jikoni. Fungu la pili ni umeme ulionunuliwa, ambao moshi wake hutoka kwenye mitambo ya mbali. Fungu la tatu ni gesi zinazotolewa na wengine kwa sababu chuo kipo: wanafunzi wanaosafiri kwa matatu kutoka makwao, wahadhiri wanaopanda ndege kwenda kwenye makongamano, saruji ya majengo mapya, karatasi, chakula na taka.

Fungu la tatu ndilo gumu kulipima na ndilo linalopuuzwa zaidi. Chuo kinaweza kujisifu kuwa kimepunguza gesi kwa kuuza mabasi yake, kumbe wanafunzi wale wale sasa wanasafiri kwa magari ya kukodi. Moshi haujapungua, umehama tu kutoka fungu la kwanza hadi la tatu. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuweka mipaka ya hesabu na kuitangaza: ni mabewa gani yamehesabiwa, ni mafungu gani, na ni mwaka gani utakaotumiwa kuwa msingi wa kulinganisha miaka ijayo.

Kugeuza risiti kuwa tani

Watu wengi hudhani kwamba kupima gesi kunahitaji mitambo ya ajabu ya kunusa hewa. Sivyo. Kifaa kikuu ni faili la risiti. Mhasibu wa chuo ana karibu kila kitu kinachohitajika, na kazi iliyobaki ni kuzidisha.

Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za gesi ya kaboni, na lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3. Kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa karibu kilo 3. Msomaji asishangae kuona moshi una uzito kuliko mafuta yaliyouzaa. Kaboni iliyo ndani ya mafuta hujiunga na oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo ina uzito wake.

Umeme una hesabu tofauti katika kila nchi. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hivyo uniti moja hubeba kaboni kidogo. Nchini Afrika Kusini, ambako makaa ya mawe ndiyo tegemeo, uniti hiyo hiyo hubeba karibu kilo nzima. Chuo cha Kenya kinachonakili vigezo vya nchi nyingine kutoka katika intaneti kitajikuta kimejibebesha deni lisilo lake, au kimejisamehe deni lililo lake.

Tuchukue mfano wa chuo cha kubuni chenye wanafunzi 4,000. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, wala si za chuo chochote kilichopo.

Tuseme chuo hicho hutumia lita 30,000 za dizeli kwa mwaka katika jenereta na mabasi. Hizo ni tani 81 za gesi ya kaboni. Gesi ya kupikia ni kilo 10,000, yaani tani 30. Umeme ni uniti 500,000. Tukikadiria gramu 100 kwa kila uniti, tunapata tani 50. Kila mwanafunzi husafiri jumla ya kilomita 1,000 kwa basi au matatu katika mwaka. Tukikadiria gramu 40 kwa kila kilomita, wanafunzi wote kwa pamoja hutoa tani 160. Wahadhiri 20 wanakwenda Ulaya na kurudi kwa ndege, na safari moja ya aina hiyo hukadiriwa kuwa tani moja hivi kwa abiria, kwa hiyo tunaongeza tani 20. Jumla ni tani 341.

Tazama yale ambayo hesabu hii ndogo imefichua. Safari za wanafunzi, ambazo haziko katika bajeti yoyote ya chuo, zimezidi umeme mara tatu. Dizeli nayo imeushinda umeme, kwani uniti moja inayozalishwa na jenereta ya dizeli hutoa karibu gramu 900 za kaboni, mara tisa ya ile tuliyoikadiria kwa umeme wa gridi. Msimamizi aliyekuwa akifikiria kuzima taa tu ili kuokoa mazingira amepata jambo la kutafakari.

Swali la kuni

Msomaji makini ameona kwamba kuni hazikutajwa katika jumla hiyo. Tumeziacha kwa makusudi, kwa kuwa ndilo swali zito kuliko yote katika nchi ya chai.

Tuseme jiko la chuo hicho hutumia tani 400 za kuni kavu kwa mwaka kupika chai, ugali na githeri. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa takriban kilo 1.7 za gesi ya kaboni. Hizo ni tani 680, karibu maradufu ya kila kitu kingine tulichokihesabu. Tukizijumlisha, deni linapanda kutoka tani 341 hadi tani 1,021.

Je, zijumlishwe au zisijumlishwe? Kanuni za kimataifa husema gesi ya kuni iandikwe katika safu yake ya pekee, kwa sababu mti ulioungua ulikuwa umeivuta kaboni hiyo kutoka hewani, na mti mwingine ukimea mahali pake utaivuta tena. Hoja hiyo ni sahihi, lakini ina sharti: ni lazima mti mwingine umee.

Hapo ndipo ramani ya kuni inapokuwa na maana kuliko kikokotoo. Kuni zikitoka kwa mkulima wa Merigi ambaye hukata mikaratusi yake na kuiacha ichipuke tena kwenye visiki, hoja ya mzunguko inasimama. Zikitoka katika msitu wa Mau bila mti kupandwa upya, hakuna mzunguko wowote. Kuna deni tu. Magogo yanaweza kufanana, yakaletwa na lori moja, na moto wake ukawa ule ule jikoni, ilhali moja halina deni na jingine lina deni kamili.

Basi chuo kinachotaka kusema kweli kinahitaji kumjua anayekiletea kuni na shamba zilikokatwa. Viwanda vya chai vya eneo hili, ambavyo huchemsha maji kwa kuni ili kukausha majani, vinakabiliwa na swali lilo hilo.

Hali ya msitu wa Mau si jambo la mbali kwa Bomet. Mito ya Nyangores na Amala huanzia Mau, hupitia kaunti hii na kisha huungana kuwa Mto Mara. Gogo linalokatwa huko juu huathiri maji yanayonywewa huku chini.

Gesi za shambani

Chuo chenye shamba kina ukurasa mwingine wa kujaza. Mbolea ya chai inayofahamika kwa wakulima kama 26:5:5 ina kilo 13 za naitrojeni katika kila gunia la kilo 50. Kigezo cha kawaida cha kimataifa hukadiria kwamba asilimia moja ya naitrojeni hiyo hutoka udongoni ikiwa katika gesi ya oksidi ya naitrojeni, ambayo nguvu yake ya kuongeza joto ni karibu mara 270 ya gesi ya kaboni. Ukipiga hesabu, gunia moja la kilo 50 likishatiwa shambani huwa sawa na takriban kilo 55 za gesi ya kaboni. Hapo hatujahesabu gesi zilizotolewa kiwandani wakati wa kuitengeneza mbolea yenyewe.

Ng'ombe naye hacheui bure. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa methani ambayo kwa mwaka hulingana na zaidi ya tani moja ya kaboni. Chuo chenye ng'ombe 30 kina deni la zaidi ya tani 30, sawa na gesi yote ya kupikia katika mfano wetu.

Hatusemi ng'ombe wauzwe wala chai isitiwe mbolea. Mbolea inayotiwa kwa kipimo na kwa wakati ufaao, baada ya udongo kupimwa, huwa na faida kwa mfuko na kwa hewa. Kinyesi cha ng'ombe kikiingizwa katika mtambo wa gesi hupunguza kuni jikoni, na masalia yake hurudi shambani.

Kupunguza kabla ya kufidia

Wataalamu wa fani hii wanakubaliana juu ya mfuatano mmoja: pima, punguza, kisha fidia kile kilichoshindikana kupunguzwa. Anayeanza na kufidia ni sawa na mtu anayechota maji yaliyofurika nyumbani huku bomba likiendelea kumwaga.

Mifano ya kupunguza ipo nchini. Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilikamilisha mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 600 juu ya mapaa ya majengo yake. Mwaka huo huo, shamba la chai la Changoi la kampuni ya Williamson, katika nchi hii hii ya chai, lilijengewa mtambo wa jua wa takriban megawati moja. Hapo Bomet, hospitali ya Tenwek imekuwa ikitumia maporomoko ya Mto Nyangores kujizalishia umeme tangu miaka ya 1980, kabla hata ya maneno haya ya kaboni kuwa ya kawaida.

Lakini tukirudi katika chuo chetu cha mfano, hatua yenye faida kubwa zaidi haiko juu ya paa. Iko jikoni. Majiko ya taasisi yaliyojengwa kwa kubana joto yanaweza kupunguza kuni kwa nusu yakilinganishwa na mafiga ya wazi. Chuo kikiokoa tani 200 za kuni, kimeepusha tani 340 za kaboni, karibu sawa na hesabu yote ya dizeli, gesi, umeme, matatu na ndege kwa pamoja. Wapishi nao wanaepushwa na moshi unaowaumiza macho na mapafu.

Mti mmoja una kaboni kiasi gani?

Baada ya kupunguza, kitabaki kiasi fulani. Hapo ndipo miti inapoingia.

Karibu nusu ya uzito wa mti uliokaushwa ni kaboni. Mti ambao shina, matawi na mizizi yake vikikaushwa vina uzito wa kilo 100 una kilo 50 za kaboni. Ili kupata gesi iliyovutwa kutoka hewani, tunazidisha kwa 3.67, kwa kuwa kila chembe ya kaboni ilikuwa imeshikana na chembe mbili za oksijeni. Jibu ni kama kilo 183.

Kwa hiyo tani 341 za chuo chetu zinahitaji karibu miti 1,860 itakayofikia ukubwa huo. Mti mmoja kati ya kila minne ukifa kwa kiangazi au kwa kuliwa na mbuzi, itabidi ipandwe miti 2,480. Kuni zikihesabiwa kuwa deni, idadi hupanda hadi miti 5,560 hata kabla ya kufikiria itakayokufa. Na hilo ni deni la mwaka mmoja tu. Mwakani chuo kitakuwa kimetoa moshi mwingine, kitahitaji ardhi nyingine.

Isitoshe, moshi hutoka leo ilhali mti huchukua miaka kumi au zaidi kuvuta kiasi hicho. Mche uliopandwa asubuhi na mgeni mashuhuri mbele ya kamera haujafidia chochote kufikia jioni. Serikali ilitangaza mnamo Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na mnamo Novemba 13, 2023 wananchi walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Ari hiyo ni njema, lakini daftari la kaboni huhesabu miti iliyosimama, wala si mashimo yaliyochimbwa.

Masharti manne

Ili tani iliyofidiwa iwe tani ya kweli, kuna masharti manne yanayokubalika kimataifa.

La kwanza ni ziada. Je, miti hiyo ingepandwa hata kama fedha za chuo zisingekuwepo? Mkulima aliyekwisha kupanda mikaratusi mpakani mwa shamba lake ili aiuze kuwa nguzo hajaongeza chochote kwa sababu tu chuo kimekuja kuihesabu.

La pili ni udumu. Januari ikifika na karo ikadaiwa, mti ndio benki ya mkulima. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni inarudi hewani, na deni la chuo linafufuka. Hatuwezi kumlaumu mzazi kwa hilo. Mpango ambao haukuifikiria karo ni mpango mbovu.

La tatu ni kutohamisha madhara. Shamba la malisho likigeuzwa kuwa msitu wa kaboni, kisha mifugo ikapelekwa kulishwa ndani ya Mau, hasara imehamia ng'ambo ya kilima.

La nne ni kutohesabu mara mbili. Mti mmoja wa Merigi hauwezi kuwa wa chuo, wa kaunti na wa kampuni ya ng'ambo kwa wakati mmoja. Bila rejista inayoonyesha kila shamba na mwenye haki ya kaboni yake, kila mmoja atajisifu kwa kivuli kile kile.

Aina ya mti nayo ina uzito. Mkaratusi hukua haraka, hivyo huvutia anayetazama kaboni pekee. Lakini huvuta maji mengi, na ukipandwa kandokando ya chemchemi na mito hugeuka balaa. Penye maji, miti ya kiasili ndiyo ifaayo hata kama hukua polepole.

Mkulima anapata nini?

Biashara ya hati za kaboni si ngeni kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Mpango wa TIST ulianzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, ukaingia Kenya mwaka 2004, na baadaye ukawafikia wakulima wa Bomet. Wakulima huungana katika vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12, hupanda miti kwenye mashamba yao wenyewe, na miti hiyo huhesabiwa na kupimwa unene wake, shamba kwa shamba. Mkataba huwapa asilimia 70 ya faida inayotokana na mauzo ya hati, nao huahidi kuitunza miti kwa miaka 30. Pwani, mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kaunti ya Kwale, umekuwa ukiuza hati za kaboni ya mikoko tangu mwaka 2013, na mapato yake yamesaidia shule na maji ya kijiji.

Wanunuzi wa hati za namna hii ni pamoja na vyuo vikuu. Chuo cha American University cha Washington, Marekani, kilitangaza mwaka 2018 kwamba kimefikia usawa wa kaboni, yaani kimefidia kiasi chote kinachokitoa. Kilifanya hivyo kwa kununua umeme wa jua, kupunguza matumizi, na kununua hati kwa kiasi kilichobaki, zikiwamo za miradi ya Kenya. Kwa maneno mengine, moshi wa mwanafunzi wa Washington unaweza kuwa unashikiliwa na mti wa mkulima wa Kenya.

Je, kuna utajiri humo? Tufanye hesabu. Tuseme tani moja inauzwa dola 10. Mti wetu wenye kilo 183 una thamani ya dola 1.83, takriban Sh240 dola ikiwa Sh130. Mkulima mwenye miti 500 ana takriban tani 92, yaani dola 920. Miti ikichukua miaka 15 kufikia ukubwa huo, wastani ni karibu Sh8,000 kwa mwaka, kabla ya kuondoa gharama za wapimaji, wakaguzi na mawakala.

Hizo ni fedha za kuongezea, si za kutegemea. Kwa kawaida mnunuzi wa nguzo atalipa zaidi ya Sh240 kwa mti wa ukubwa huo, tena papo hapo. Manufaa ya kweli ya mkulima yamo katika mti wenyewe: matunda, kivuli, udongo usiomomonyoka, matawi ya kuni na maji ya mto. Anayekuja kijijini na kuahidi utajiri wa kaboni ana mambo ambayo hajayasema.

Sheria inasemaje?

Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka 2024. Miradi ya kaboni inapaswa kuandikishwa katika rejista ya taifa. Miradi inayotumia ardhi ya umma au ya jamii inapaswa kuwa na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na kwa miradi ya ardhi, jamii hutengewa angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama.

Hapa ndipo mkulima wa Merigi anapopaswa kufungua macho. Mashamba mengi katika nchi ya chai ni ya watu binafsi wenye hati miliki. Kinga ya asilimia 40 iliwekwa kwa kuzifikiria ardhi za umma na za jamii. Kwa mwenye shamba lake binafsi, ngao yake kubwa ni mkataba atakaoutia sahihi. Ataje bei au njia ya kuipata, ajue mkataba ni wa miaka mingapi, nani anamiliki kaboni, nini kitafanyika mti ukifa kwa kiangazi au ukikatwa kwa dharura, na mrithi wake atafungwa vipi na ahadi hiyo.

Somo la kaskazini mwa nchi lisisahaulike. Mnamo Januari 2025, mahakama ya mazingira na ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya malisho. Mradi unaweza kuwa na vipimo vizuri vya udongo na nyasi, lakini ukiwaruka watu wenye ardhi, msingi wake unatikisika.

Chuo na jirani yake

Chuo kilichomo katikati ya wakulima kina nafasi ambayo mnunuzi wa Washington hana. Hakihitaji kununua karatasi kutoka mbali. Kinaweza kuwatuma wanafunzi wake wa misitu na takwimu kupima miti ya jirani kila mwaka, kulipa kwa mti uliosimama badala ya mche uliopandwa, kununua kuni kutoka kwa mashamba yanayojulikana, na kuchapisha hesabu yake ili yeyote aikosoe. Mkulima naye anaweza kufika chuoni kwa miguu na kuuliza fedha zake ziko wapi.

Chuo kinachoanza leo kinahitaji mambo machache tu: mhasibu aliye tayari kufungua faili la risiti, mpishi mkuu atakayepima kuni kwa mizani badala ya kwa lori, dodoso fupi la safari za wanafunzi, na uongozi usioogopa kuona tarakimu mbaya mwaka wa kwanza. Tarakimu mbaya iliyoandikwa inaweza kupunguzwa mwaka wa pili.

Kwa mkazi wa Merigi, ombi ni jepesi zaidi. Siku ujumbe wa chuo chochote utakapofika na miche, aupokee kwa ukarimu wa kawaida, kisha aulize: mmetoa tani ngapi mwaka jana, mmepunguza ngapi, na ni ngapi mnazotaka nizishike? Wakiwa na majibu, wamekuja kufanya kazi. Wasipokuwa nayo, awaombe warudi na daftari.